Nenda na Shaka Zako

Ndugu yangu unayesema vikundi vya kuacha pombe si vya watu kama wewe, sikuombi uamini chochote. Nakuomba ukakae pale saa moja.

Mei 1935, katika mji wa Akron, Ohio, daktari wa upasuaji aitwaye Bob Smith aliombwa aonane na mgeni kutoka New York. Mgeni huyo, Bill Wilson, alikuwa dalali wa hisa, na pombe alikuwa ameiacha miezi mitano tu. Smith hakutaka. Nasaha alishazisikia za kila namna, na madhara ya pombe aliyajua kuliko wengi waliomnasihi, bado alikunywa. Akakubali shingo upande, akatoa dakika 15. Walizungumza saa kadhaa, hadi usiku. Wilson hakumkemea wala kumpa somo la maini. Alisimulia pombe ilivyomtenda yeye, na Smith akasikia maisha yake mwenyewe yakisimuliwa na mtu mwingine. Baadaye aliteleza, akanywa, akarudi. Juni 10 ya mwaka huo, siku inayohesabiwa kuwa ya mwisho kwake kuonja pombe, ndiyo Alcoholics Anonymous, yaani AA, huihesabu kuwa siku yake ya kuzaliwa. Mmoja wa walioanzisha kikundi unachokitilia shaka alikwenda huku akitaka kuondoka mapema!

Unasema ni dini. Sikufichi, Mungu hutajwa na sala zipo. Lakini sharti la kujiunga ni moja: uwe na nia ya kuacha kunywa. Ada hakuna, na wasioamini wamekuwamo tangu miaka ya mwanzo.

Unasema watu watajua. Mtaa umeshajua, ndugu yangu. Anayejua kuliko wote ni mwanao, anayesikiliza hatua zako mlangoni usiku apime baba amerudi vipi.

Unasema maneno hayatibu. Mwaka 2020 jopo la Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, lilipitia tafiti 27 zenye washiriki zaidi ya 10,000. Programu zilizopangwa vizuri za kuwaingiza watu AA ziliwasaidia wengi zaidi kukaa bila pombe kabisa kuliko tiba nyingine zilizozoeleka.

Ila hapa usifanye ubishi: kama unakunywa kila siku na asubuhi mikono inatetemeka, muone daktari kabla ya kukata pombe ghafla. Mwili uliozoea unaweza kushikwa na degedege, na watu hufa. Kikundi hakichukui nafasi ya hospitali.

Basi nenda wiki hii. Nenda na ubishi wako wote. Kaa karibu na mlango, usiseme neno kama hutaki, sikiliza tu kama yupo anayeisimulia siku yako. Kikundi hicho kisipokufaa, tafuta kingine. Na kabla ya kutoka omba namba ya simu ya mmoja wao. Jioni miguu ikianza kuelekea kilabuni, mpigie kabla hujafika.