Ndege Njema

Wazee wetu walitumia neno moja kwa vitu viwili. Ndege ni yule mwenye mbawa anayetua juu ya mnazi. Na ndege ni ile ishara inayomtangulia mtu njiani. Msafiri aliyetoka alfajiri akakutana na jambo la kumfurahisha alisema amepata ndege njema. Akikutana na la kumtia shaka, hiyo ni ndege mbaya, na pengine aligeuza akarudi nyumbani, safari ikawa kesho. Sarufi yenyewe inavitenganisha: wa mbawa ni ndege mwema, ya ishara ni ndege njema. (Siku hizi neno hilohilo tumekipa chombo cha chuma kinachotupeleka Dubai, nacho hakigeuzi kwa ajili ya mtu.)

Hatukuwa peke yetu. Waarabu wana tiyara, kuagua mambo kwa ndege, na shina la neno hilo kwao ni ndege vilevile. Mtume aliikataza tiyara, lakini alipenda fali, yaani lile neno jema linalomfikia mtu ghafla likamtuliza moyo. Masheikh wa pwani wamelieleza hilo miaka nenda miaka rudi. Waumini wameitikia, wamerudi nyumbani, usiku bundi amelia juu ya mwembe, na mume na mke wametazamana bila kusema kitu. Siwacheki. Mimi nami huamka nikasikiliza kama atalia mara ya pili.

Bundi huyo ana jina jingine: babewatoto. Ndege anayeogopwa hivyo, anayedhaniwa kuleta habari za msiba, amepewa jina la mzazi. Nadhani ni adabu ya mtu mwenye hofu. Usiyemweza, mfanye wa ukoo.

Bibi yangu hakuwa na kitabu cha ishara. Zilimkaa mwilini kama baridi yabisi. Kiganja cha kulia kikimwasha, pesa inaingia. Cha kushoto, inatoka. Kwa jirani yake ilikuwa kinyume, na katika miaka yote ya kukaa barazani pamoja sikuwahi kuwasikia wakibishana. Jicho likimcheza, alikaa kimya akikumbuka nani yuko mbali. Usiku hakufagia, asije akaifagia riziki, na hakumtuma mtoto dukani kununua sindano baada ya magharibi, maana hata mwenye duka asingeuza. Kunguru akilia juu ya paa asubuhi, mgeni yuko njiani, na bibi aliongeza kibaba cha mchele chunguni. Mara nyingi mgeni hakuja. Wali haukubaki hata siku moja, kwa sababu watoto wa mtaa walishajua sauti ya kunguru ina maana gani.

Lakini ninachokikumbuka zaidi ni maji ya moto. Alipotaka kumwaga maji ya moto uani usiku, alisimama kwanza kizingitini na sufuria mkononi. Alisema bismillahi kwa sauti ya kusikika, akangoja kidogo, ndipo akamwaga. Nilipokuwa mdogo nilimuuliza anamngoja nani.

"Wenyewe," alisema. "Wapishe. Wana watoto kama sisi."

Hakuwaona, wala hakudai kuwaona. Alijua tu kwamba giza la uani si tupu, kwamba kuna majini wenye familia zao na wao usiku wana shughuli, na kwamba mtu hamwagi maji ya moto mahali bila kupiga hodi. Ule muda wa kungoja, pumzi tatu au nne, ndio ninaourudia moyoni. Sisi leo tunamwaga tu.

Hodi hiyo ina wenyewe wanaoishika. Kusini mwa Unguja, Makunduchi na Jambiani, kuna wavyale, watu wa koo za wenyeji wanaojua mzimu upi unakaa wapi. Mzimu huko ni mahali kwanza, roho baadaye. Ni pango, jabali, mti. Karibu na Jambiani liko pango la Kuumbi, ambalo wataalamu wa mambo ya kale wamelichimba kutafuta mabaki ya watu wa zamani, na ambalo wenyeji wanaliingia kuomba. Sioni ugomvi kati ya hao wawili. Wote wanaingia chini ya mwamba kuwauliza waliotangulia.

Makunduchi ndiko kwenye sherehe ya Mwaka Kogwa, kila Julai. Wanaume wanapigana kwa vigogo vya migomba, wanawake wanaimba, kibanda cha makuti kinatiwa moto, na watu hutazama moshi unaelekea wapi, maana huko unakoinama ndiko wanakousoma mwaka unaokuja. Fikiria kijiji kizima kikiwa kimenyamaza kuusikiliza moshi.

Moshi huohuo, hata hivyo, umeua. Usukumani, vikongwe wameuawa kwa sababu ya macho mekundu, watu wakisema ni ishara ya uchawi. Macho yale yaliiva kwa moshi wa miaka ya kupika kwa kuni na mavi ya ng'ombe, jikoni bila dirisha. Siwezi kuandika kwa upole juu ya ishara nikalipita hili. Bibi alizisoma ishara kwenye kiganja chake mwenyewe na juu ya paa lake mwenyewe, na zilimdai yeye: aongeze mchele, angoje kizingitini. Anayeisoma ishara usoni mwa mtu mwingine, akamdai yeye roho yake, hana ndege njema wala mbaya. Ana panga tu.

Mizimu iko hata upande wa Kenya. Kwale na Kilifi ziko kaya za Wamijikenda, vijisitu vilivyobaki vimesimama huku mashamba na majengo yakisogea pande zote. Ukiingia Kaya Kinondo, karibu na Diani, unafungwa kaniki kiunoni, na hapo hukati hata fimbo. Mwaka 2008 UNESCO iliziingiza baadhi ya kaya hizo katika orodha ya Urithi wa Dunia, na tangu hapo husikika sana kwamba mizimu ni kitu kizuri kwa kuwa inahifadhi mazingira. Ni kweli miti imebaki. Lakini kulisema hivyo ni kama kumsifu mtu anayetoa salamu kwa kuwa anafanyisha taya mazoezi. Wazee wa kaya hawakuuacha msitu kwa ajili ya hewa safi. Waliuacha kwa sababu una wenyewe, na nyumba ya watu haivunjwi.

Nirudi kwa kunguru. Huyu wa mjini, mwenye shingo ya kijivu, si mwenyeji. Aliletwa Unguja kutoka India mwishoni mwa karne ya 19, akazaana, akavuka hadi bara, na leo anahesabiwa mharibifu kwa kula mayai na makinda ya ndege waliomtangulia. Anayetutangazia wageni ni mgeni mwenyewe, na hatukumpikia kibaba. Bibi sidhani kama aliyajua hayo, na sidhani kama yangempunguzia kitu.

Leo alfajiri amelia juu ya bati letu mpaka saa moja na nusu. Simtarajii mtu. Mchele nimeuloweka wa kutosha watu wanne, nasi humu ndani tuko wawili.