TAFAKURI YA RAMADHANI, SIKU YA 17: Nesi akiondoka, dhambi ni ya nani?



Binti amesomea unesi. Kodi yetu imo, na mbuzi wa babake wamo. Wakala anapiga simu: kuna kazi Uingereza, au Uarabuni. Akienda, je, amewakimbia wagonjwa?

Usimhukumu haraka. Kuuguza wagonjwa ni fardhi kifaya, kama kuosha maiti. Wakipatikana wa kutosha, wengine tumesalimika. Wasipopatikana, tunaulizwa sote. Imam Ghazali, zaidi ya miaka 900 iliyopita, aliiweka tiba katika fungu hilo hilo, akawalaumu watu wanaorundikana kwenye fiqhi na mji hauna tabibu.

Sasa tazama kwetu. Mwaka 2017 Tanzania ilikubali kupeleka madaktari 500 Kenya. Kesi ikafunguliwa huko, safari ikakwama, na Rais Magufuli akaagiza walioomba, 258, waajiriwe hapa hapa. Kumbe walikuwepo! Wamesoma, na zahanati zinawahitaji, lakini ajira hawana. Na manesi wa namna hiyo bado tunao. Mtu uliyemwacha amekaa na cheti chake nyumbani, utamwitaje mtoro?

Anayekuja kuwachukua naye ana hesabu yake. Mwaka 2010 nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani zilipitisha mwongozo: mhudumu ana haki ya kuhama, ila nchi tajiri zisiende kuajiri kwa wenye upungufu mkubwa. Katika orodha ya mwaka 2023 ya nchi 55 za kulindwa, Tanzania imo. Kuvuna shamba ambalo hukulilima wala kulipalilia, bila hata kumwachia mwenyewe mbegu, ni dhuluma, hata kama mkataba umesainiwa.

Na sisi je? Mama wa Mgeta anayeteremshwa usiku kwa pikipiki, uchungu umemshika, hana nafasi ya kuuliza kosa ni la nani. Anataka nesi awepo. Basi ukitoa sadaka mwezi huu, ikumbuke na nyumba ya mtumishi isiyoisha pale kwenye zahanati ya kijiji. Nesi aliyepangiwa kazi akikosa pa kulala, tusishangae akiondoka. Aliyepo tumheshimu, tusimfokee dirishani. Aliyesafiri tumuombee dua, naye asisahau alikotoka.

Swali la kwenda nalo futari: mimi nimefanya nini ili abaki?

Allah atutakabalie funga zetu na awaponye wagonjwa wetu. Aamin.