Saa Mbili ya Pangani

Juni ile tulikaa ukumbini kwa mama, Tanga, barua ya posa iko mezani, bahasha yake imefukizwa udi. Mshenga alikuwa ameshavaa kanzu, kofia anayo mkononi. Binamu yangu, mwenye kuoa, akatutazama mmoja mmoja, kisha akasema: "Kaka, tusubiri mpaka Machi."

Binamu ni fundi simu, kijana makini, si mtu wa kubabaishwa. Lakini mwaka huo alikuwa amepata programu ya unajimu inayopiga hesabu za progresheni, na kila jioni alikuwa nayo. Hesabu yenyewe ni ya zamani. Placidus, mtawa wa Kiitalia wa karne ya 17, ni mmoja wa walioieneza. Kanuni yake ni kwamba siku moja baada ya kuzaliwa husimama badala ya mwaka mmoja wa maisha, kwa hiyo mtu wa miaka 30 hutazamiwa anga ya siku ya 30 tangu azaliwe. Mwezi hutembea kama digrii 13 kwa siku. Katika hesabu hii digrii hizo humalizika kwa mwaka mzima, na buruji moja huuweka Mwezi miaka miwili na ushei. Programu ilimwonyesha binamu kuwa Mwezi wake utaingia Mizani, nyumba ya Zuhura, mwezi wa Machi. Posa ikitangulia, alisema, haitakuwa na heri.

Sisi watu wa pwani hatuoni ajabu mtu kutazamia nyota. Wazee walihesabu nyota ya mtu kwa herufi za jina lake na la mama yake. Basi hakuna aliyempinga. Nami sikumpinga, na hilo ninalijutia hadi leo. Mama aliichukua bahasha akaifungia kabatini.

Kwa kina binti walingoja. Agosti baba yake alituma mtu kuuliza, na Oktoba akatuma tena. Tulijibu kwa maneno ya heshima yasiyo na tarehe. Novemba ikaja posa nyingine, kutoka Pemba, na Desemba binti akaolewa. Kabla ya ndoa alimwandikia binamu ujumbe kwenye simu, nami nimeuona: "Nimekungoja. Hukuniambia unangoja nini."

Februari shangazi alikuja kutoka Pangani kwa hitima. Yeye ndiye aliyekuwepo binamu alipozaliwa, nyumbani, mikononi mwa mkunga. Baada ya chakula cha usiku binamu alimletea kadi yake ya kliniki, karatasi imeshageuka manjano, akamwonyesha palipoandikwa kwa wino "2.00" bila neno jingine.

"Shangazi, nilizaliwa saa nane usiku?"

"Saa nane? Nani kakwambia? Wanaume ndiyo kwanza walikuwa wametoka kusali isha. Saa mbili usiku, mwanangu. Muuguzi aliandika nilivyomtajia."

Binamu alikuwa amedhani muuguzi ameandika kwa saa ya Kizungu, akaingiza 02:00. Ilipasa iwe 20:00. Tofauti yake ni saa 18, na siku ikihesabiwa mwaka, saa 18 ni miezi 9. Akaingiza upya mbele yetu. Mwezi uliingia Mizani Juni, Juni ileile mshenga alipokuwa amesimama na kofia yake mkononi.

Programu haikukosea. Nyingi za aina hii hutumia majedwali yaitwayo Swiss Ephemeris, yaliyotolewa mara ya kwanza 1997 na kujengwa juu ya hesabu za maabara ya JPL ya NASA. Yakikwambia Mwezi ulikuwa hapa, ulikuwa hapo. Usahihi huo ndio uliomponza binamu: aliona tarehe imenyooka kwenye skrini, asikumbuke kuwa imesimama juu ya saa ambayo hakuwahi kumuuliza mtu. Na hata saa ingekuwa sahihi, majedwali yale hayana safu inayosema Mizani huleta ndoa. Hilo limetiwa na wanadamu.

Johannes Kepler, mwanafalaki aliyegundua sheria za mwendo wa sayari, aliandika horoskopu ya jemadari Wallenstein mwaka 1608. Miaka kama 16 baadaye jemadari aliirudisha, kwa kuwa mambo yalimfika nje ya nyakati zilizotajwa. Kepler alisogeza saa ya kuzaliwa kwa dakika chache ili yaafikiane, lakini alimkanya asitafute kila tukio la maisha yake angani. Mkono wa Kepler ulijua ulichofanya: saa ikisogezwa baada ya tukio, lazima nyota zilione.

Binamu naye, usiku uleule, badala ya kuifunga kompyuta, alianza kuitafutia saa mpya tarehe mpya. Safari hii sikunyamaza. Nilimwomba asome tena ujumbe wa yule binti, ausome kwa sauti, shangazi asikie. Alisoma sentensi ya kwanza, ya pili ikamshinda.

Nawe unayesoma, ikiwa kuna mtu anayekungoja, mwambie leo unangoja nini.