Nilichokikata Pichani

Muhula uliopita nilipewa kipindi kimoja nifundishe peke yangu. Nasoma shahada ya uzamili Marekani, na kozi ninayosaidia ni ya fasihi ya huko baada ya Vita Vikuu vya Pili. Wiki hiyo tulikuwa tunajadili namna picha inavyomshawishi mtu. Nikachagua picha ya Emmett Till.

Emmett alikuwa kijana Mweusi wa Chicago, miaka 14. Agosti 1955 alikwenda kuwatembelea ndugu zake Mississippi, akadaiwa kumkosea adabu mwanamke wa Kizungu dukani. Alichukuliwa usiku, akateswa, akauawa, mwili ukatupwa mtoni. Mama yake, Mamie, alipoona walivyomharibu uso, aliagiza jeneza liachwe wazi. Maelfu walipita kumtazama, na jarida la Jet likachapisha picha za David Jackson. Septemba mwaka huohuo jopo la wanaume 12, Wazungu watupu, lilijadiliana kwa saa moja na dakika chache, likawaachia huru washtakiwa wawili.

Nilitaka wanafunzi waguswe. Nisiseme uongo, nilitaka pia nionekane mwalimu hodari. Picha niliyoipata inamwonyesha Mamie amesimama kando ya mwili pamoja na Gene Mobley, aliyekuja kuwa mume wake. Niliona ina mambo mengi. Nikaikata, nikabakiza uso tu, nikaukuza ukajaa skrini.

Darasa lilinyamaza kimya. Nikadhani nimefaulu. Kisha msichana mmoja, kati ya Weusi wawili tuliokuwa nao, akakusanya vitabu vyake akatoka. Nilimkuta baadaye kwenye korido. Hakuwa na hasira.

"Mama yake yuko wapi?" akaniuliza.

Nikaanza kumweleza kuwa Mamie alifariki 2003. Akatikisa kichwa.

"Kwenye picha," akasema.

Kwetu Tanga kuzika ni kusitiri. Bibi alipofariki, uso wake ulifunuliwa kwa jamaa wa karibu tu, na shangazi alimfukuza binamu yangu aliyetoa simu. Nami niliyelelewa hivyo nilikuwa nimeutundika uso wa mtoto wa mtu ukutani, mbele ya watu 20 wenye vikombe vya kahawa. Utetezi wangu ulikuwa tayari: mama mwenyewe aliruhusu. Lakini aliruhusu nini? Kwenye kifuniko cha jeneza lile zilibandikwa picha za Emmett akiwa hai, amependeza. Aliyepita aliona mtoto kwanza alivyokuwa, na alivyofanywa, na mama yake yupo. Mamie alikataa kuwasitiri wauaji. Mwanawe hakumwacha peke yake.

Kinachonisumbua ni kwamba slaidi yangu ilifanya kazi. Wanafunzi watatu waliniambia hawataisahau. Ila insha zilipokuja, mmoja wao alikuwa ameandika ukurasa mzima juu ya uso ule bila kulitaja jina la Emmett hata mara moja. Nilimpunguzia alama, kisha nikazirudisha. Kosa lilikuwa langu.

Siku ile tulikuwa pia na mashairi mawili ya Gwendolyn Brooks, yaliyotoka 1960 katika The Bean Eaters. Niliyapitia harakaharaka kwa sababu niliyaona ya polepole mno. Refu linakaa jikoni kwa yule mwanamke wa Kizungu, na mikono ya mumewe inatisha kuliko maiti yoyote. Fupi linamwangalia Mamie baada ya mazishi, chumbani, na kahawa yake nyeusi. Brooks hakumwondoa mama.

Muhula huu nimepangiwa kipindi kilekile. Nitaanza na shairi fupi. Picha nzima nimeiweka kwenye faili, haijakatwa, na yule msichana nimemwandikia kumuuliza yeye angefanyaje. Amejibu kwamba hilo si swali lake kulijibu.