Akufaaye kwa Raha

Kuna msemo watu wa ubao wa theluji wanaupenda sana: siku ya theluji mpya hakuna urafiki. Maana yake si ngumu. Theluji ikianguka nyingi usiku, asubuhi mlima unakuwa kama shuka iliyotandikwa upya, na kila mtu anataka kuwa wa kwanza kuikunja. Ukimngoja mwenzako, wengine watakuwa wameimaliza. Kwa hivyo usimngoje mtu.

Niliusikia kwenye foleni ya lifti huko Colorado siku ya kwanza ya safari yetu, nikacheka. Siku ya tatu niliutii.

Tulikuwa Wakenya wanne tunaoishi Denver. Nitawataja kwa majina ya utani. Dere ndiye mwenye gari. Mhasibu ndiye aliyeweka hesabu ya kila senti, na alipotuambia kwamba tiketi ya siku moja ukiinunua dirishani inaweza kupita dola 200, kisha akaanza kuibadilisha kwa shilingi, tulimwomba anyamaze. Halafu kulikuwa na Shosh. Nilisoma naye boarding, na jina hilo alipewa kidato cha kwanza kwa sababu alifika kila mahali akiwa wa mwisho, hata kwenye chakula. Mimi nilikuwa wa kwanza kwenye foleni hiyo hiyo. Sijui tulivyopatana, lakini tulipatana.

Mpango ulikuwa siku tatu, milima mitatu: Keystone, Breckenridge, Vail. Asubuhi tulikuwa tukila chapati na maharagwe kwenye maegesho ya magari, chai ikiwa kwenye thamosi, huku watu wakitupita na kutuangalia kwa wivu ambao hawakuuficha.

Kama hujawahi kupanda ubao wa theluji, jua hivi: miguu yote miwili imefungwa kwenye ubao mmoja. Wenye ski wana fimbo mbili za kujisukumia. Wewe huna. Ukifika mahali tambarare unasimama tu, unafungua mguu mmoja, unajisukuma kama mtoto mwenye skuta. Kila ukishuka kwenye lifti unakaa chini kwenye theluji, unafunga mikanda upya, na wenzako wanakungoja. Kwa hivyo kungojana kumo ndani ya mchezo wenyewe. Hata asili yake ni ya kifamilia: mwaka 1965, baba mmoja wa Michigan aitwaye Sherman Poppen alifunga ski mbili pamoja ili watoto wake wapate kitu cha kuchezea.

Keystone tulimngoja Shosh. Alianguka, akacheka, akaanguka tena. Jioni alituambia, "Msinisubiri hivyo. Mnanifanya nijione mzigo." Breckenridge, ambako lifti ya juu kabisa inafika zaidi ya mita 3,900, Dere aliyetupigia kelele za kuzaliwa nyanda za juu karibu na Iten alishikwa na kichwa hadi akakaa chini. Shosh ndiye aliyebaki naye. Sisi wawili tuliendelea.

Usiku wa kuamkia Vail theluji ilianguka bila kupumzika. Asubuhi hatukumaliza hata chai. Tulipanda, tukaingia kati ya misonobari, na niseme ukweli: sijawahi kuonja kitu kama kile. Ubao hautoi sauti. Huhisi kama unateleza, unahisi kama unaelea. Nyuma yangu nilisikia jina langu likiitwa. Niligeuka, nikaona jaketi la rangi ya chungwa kati ya miti, limeinama. Nikajiambia anafunga mikanda. Nikaenda.

Nilishuka mpaka chini, nikapanda lifti, nikashuka tena. Mara ya tatu, tukiwa juu kwenye kiti, Dere akauliza, "Kwani Shosh yuko na nani?" Mimi nilidhani yuko na yeye. Yeye alidhani yuko na Mhasibu. Mhasibu alikuwa amekaa katikati yetu.

Nilikuwa nimesoma onyo mapema: usiingie kwenye miti bila mwenzako kukuona. Sababu iko kwenye msonobari wenyewe. Matawi yake yanaizuia theluji isijae kuzunguka shina, kwa hivyo chini yake kunabaki shimo la theluji laini lisiloonekana. Ukitumbukia kichwa mbele, theluji inakumiminikia na huwezi kujitoa. Una dakika chache. Anayeweza kukuokoa ni yule aliye karibu, na akiwa ameshafika chini, hayuko karibu.

Shosh alitumbukia miguu mbele. Hiyo ndiyo tofauti nzima. Theluji ilimfikia kifuani, ubao ukanaswa kwenye mizizi, naye akakaa pale karibu dakika 40 akipiga kelele, mpaka mzee mmoja mwenye ski alipomsikia na kumchimba kwa mikono. Tulimkuta kwenye kibanda cha waokoaji wa mlimani, amefunikwa blanketi, meno yakigongana. Hakulia wala hakufoka. Alinitazama tu, na mimi nikajifanya nashughulika na helmeti.

Kurudi Denver lazima upite tanuru la Eisenhower, karibu kilomita tatu chini ya mlima. Hakuna aliyekuwa ameongea tangu Vail. Humo ndani ndipo nilisema, "Shosh, nilikusikia."

"Najua," akasema. "Uligeuka."

Halafu baada ya muda: "Mama alipokufa ulikuja na watu wako na pesa zenu, na sikuwa nimekuita. Leo nilikuita."

Nimeishi na sentensi hizo kwa mwaka mzima. Sote tulifundishwa kwamba akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Nami kwa kipimo hicho nilikuwa rafiki wa kutosha. Msiba wa mama yake nilikuwa mweka hazina wa grupu ya WhatsApp. Nilipiga simu, nilisukuma watu watume, nilimsindikiza uwanja wa ndege. Ningeulizwa siku hiyo kama mimi ni rafiki wa kweli, ningekuonyesha risiti.

Lakini dhiki, ukiifikiria vizuri, inatusaidia kuwa wema. Ina sauti kubwa. Ina kamati na orodha ya majina, na ukikosa kuonekana watu watasema. Hakuna kingine cha kufanya siku ya matanga ila kwenda matangani. Raha haina kamati. Siku ya raha hakuna anayekuhesabu, na moyo una mahali pengine pazuri zaidi pa kuwa. Hapo ndipo sauti ya rafiki inapogeuka usumbufu, na sikio linajifunza kusikia "anafunga mikanda" mahali paliposemwa "nisaidie." Aristotle aliugawa urafiki mara tatu: wa faida, wa raha na wa wema. Mimi nilijiweka kwenye kundi la tatu, na sikuwa nimefaulu hata mtihani wa lile la pili.

Dere hakubaliani nami, na hoja yake si ya kipuuzi. Anasema kila mmoja wetu alikuwa mtu mzima, alijilipia, alijua hatari. Anasema Shosh mwenyewe alikataa kungojwa. Na ni kweli, kuna kungoja kunakodhalilisha. Ukisimama kila mita 50, mikono kiunoni, unamwambia mwenzako kwamba yeye ni deni. Je, mwepesi ana wajibu wa kuwa mzito ili mzito asijisikie vibaya?

Nadhani hana. Mkenya yeyote anayeandika kuhusu theluji lazima amtaje Philip Boit, nami sitavunja mila. Olimpiki ya Nagano, 1998, mbio za ski za kilomita 10. Boit, mkimbiaji wetu aliyegeuzwa mtu wa theluji, alimaliza wa 92, wa mwisho. Mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norway, alikuwa amemaliza dakika 20 hivi kabla yake, na alikuwa bado amesimama pale kwenye baridi akimngoja amkumbatie. Boit alimpa mwanawe jina la Dæhlie.

Zamani niliisimulia kama hadithi ya Boit, ya kutokata tamaa. Sasa namwangalia Dæhlie. Hakupunguza mwendo hata kidogo ili Mkenya asiaibike. Angefanya hivyo angemtukana. Lakini ilikuwa siku yake ya raha kuu, medali inamngoja, kamera zinamngoja, na hakuna mtu duniani ambaye angemlaumu kwa kuondoka. Alibaki ameelekeza uso njiani mpaka mtu wa mwisho atokee. Alijua bado kuna mtu huko nyuma.

Hicho ndicho nilichokosa. Sikuwa na deni la kwenda polepole. Nilikuwa na deni la sikio. Shosh hakuniomba niache raha yangu. Aliita jina langu mara moja tu, nami nikaamua, nikiwa na akili zangu timamu, kutoelewa.

Hajawahi kuniambia kwamba amenisamehe, na sijamuuliza. Kuuliza kungekuwa kumtaka anifanyie kazi moja zaidi. Msimu huu alinipigia simu mwenyewe kuuliza kama nina helmeti ya ziada, kwa sababu yake ina ufa. Tulikwenda Keystone, sisi wawili tu. Alitangulia. Theluji ilikuwa kuukuu, ngumu, imekanyagwa na kila mtu. Nilimfuata nyuma, kwa mwendo wa bibi, na alipoanguka nilikaa chini pale pale nilipokuwa.

"Uko?" akaita bila kugeuka.

"Niko."