Asilimia Moja ya Juan Mata, na Mbili na Nusu Zetu



Ndugu msomaji, ukitaka kuwaona wanafunzi wa Kiislamu wa hapa Kampala wamekusanyika kwa wingi nje ya swala ya Ijumaa, usihangaike kwenda maktaba. Nenda kibandani Jumamosi jioni, wakati Ligi Kuu ya Uingereza inaonyeshwa. Utatukuta tumebanana kwenye mabenchi, na kila mmoja ni mhasibu. Tunajua nani kauzwa kwa pauni milioni ngapi, nani analipwa kiasi gani kwa wiki, na nani hastahili hata nusu yake. Lakini ipo hesabu ya mchezaji mmoja ambayo sijawahi kuisikia ikitajwa kibandani, nayo ndiyo ninayotaka tuipige pamoja leo.

Mchezaji huyo ni Juan Mata. Alizaliwa Burgos, Uhispania, mwaka 1988, mtoto wa baba aliyekuwa mwanasoka wa kulipwa. Akiwa kijana wa miaka 15 alichukuliwa na Real Madrid, lakini hakuwahi kuchezea kikosi chao cha kwanza. Mwaka 2007 akaenda Valencia, na huko ndiko jina lake lilikosimama. Mwaka 2010 alikuwa katika kikosi cha Uhispania kilichotwaa Kombe la Dunia huko Afrika Kusini, na miaka miwili baadaye akafunga bao la nne katika fainali ya Kombe la Ulaya dhidi ya Italia.

Mwaka 2011 alihamia Chelsea. Wanaokumbuka fainali ya Ligi ya Mabingwa ya mwaka 2012 mjini Munich wanakumbuka kichwa cha Didier Drogba cha dakika ya 88. Mpira ule ulitoka kwenye kona ya Mata. Mashabiki wakamchagua mchezaji bora wa klabu misimu miwili mfululizo. Kisha akaja kocha mpya, na yule bora akawa mtu wa benchi. Januari 2014 akauzwa Manchester United kwa zaidi ya pauni milioni 37. Akawaandikia mashabiki wa Chelsea barua ya kuwashukuru, akaondoka bila matusi. Huko Manchester alikaa miaka minane, na katika fainali ya Kombe la FA ya mwaka 2016 ndiye aliyesawazisha. Baada ya hapo akazunguka dunia: Galatasaray ya Uturuki, Vissel Kobe ya Japani, kisha Australia.

Hayo yote kibandani tunayajua. Tusilolisema ni hili: Agosti 2017, akiwa bado Manchester United, Mata alitangaza kwamba atatoa asilimia moja ya mshahara wake kwa mashirika yanayotumia mpira kuwasaidia watoto na vijana wa mitaa maskini. Kabla ya hapo alikuwa amekwenda Mumbai, India, akaona kazi ya aina hiyo kwa macho yake. Mpango wenyewe ukaitwa Common Goal. Akawaomba wanasoka wenzake kumi wajiunge naye ili watimie kikosi cha watu kumi na mmoja. Wa kwanza kuitika alikuwa Mats Hummels wa Ujerumani, kisha wengine wakafuata, wanaume kwa wanawake.

Nilipomsimulia jamaa yangu habari hii alicheka. "Asilimia moja? Mtu ana mamilioni, anatoa asilimia moja, nasi tumpigie makofi?" Kicheko chake ndicho kilichonifanya niandike, kwa sababu kina swali la kweli ndani yake: sadaka hupimwa kwa nini? Kwa kiasi kinachotoka, au kwa kiasi kinachobaki?

Mtume wetu (s.a.w.) alilijibu swali hilo zamani. Katika hadithi iliyopokewa na Nasai, alieleza kwamba dirhamu moja iliweza kuipita dirhamu laki moja. Mtu mmoja alikuwa na dirhamu mbili tu, akatoa moja. Mwingine alikuwa na mali nyingi, akachota pembeni mwake laki moja. Yule wa kwanza alitoa nusu ya alichonacho. Kwa mizani hiyo jamaa yangu hakukosea: anayebaki na asilimia tisini na tisa ya mamilioni hajajinyima kitu. Mata mwenyewe aliwahi kusema katika mahojiano ya televisheni ya kwao, mwaka mmoja kabla, kwamba wanasoka wanalipwa kupita kiasi ukilinganisha na watu wengine. Kutoa asilimia moja hakujibu swali la hizo nyingine, na wala hakusema kwamba kunalijibu.

Lakini mizani haina upande mmoja. Ukishaipandisha ya Mata, ujue na yako inangoja zamu. Mwenye dirhamu mbili katika hadithi ile hakuwa tajiri. Alikuwa karibu zaidi na sisi tunaoishi kwa pesa za matumizi kutoka nyumbani. Sisi tunaisikia hadithi hii tukajiona ndani yake kwa sababu tuna dirhamu mbili. Tunasahau kwamba sifa yake haikutokana na kuwa nazo mbili. Ilitokana na ile moja aliyoitoa.

Wengine watauliza: kwa nini alitangaza? Huo si ujionyeshaji? Swali hili nalo ni letu, maana riya ni maradhi tunayoonywa nayo kila siku. Qur'ani Tukufu, katika Surat al-Baqara aya ya 271, inatufundisha kwamba kutoa sadaka hadharani ni jambo jema, na kuwapa mafukara kwa siri ni bora zaidi. Milango yote miwili imeachwa wazi. Anayetoa ili kumwokoa jirani na aibu ya njaa, siri inamfaa. Anayetaka watu kumi wamfuate hawezi kuwaita kwa kunong'ona. Mata alikuwa anaita. Kilichokuwa moyoni mwake sisi hatukijui, na hatukupewa kazi ya kukipima.

Wapo pia wanaouliza: kwa nini umsifu asiyekuwa Mwislamu? Hatuna Sadio Mané, aliyejenga shule na hospitali kijijini kwao Bambali, Senegali? Tunaye, alhamdulillahi, na Allah amlipe. Lakini tukitaja wema wa Mwislamu mwenzetu tunajivuna, kana kwamba na sisi tulibeba tofali la hospitali ile. Wema wa mtu wa nje hautupi nafasi hiyo. Na sunna haitukatazi kuutambua. Kabla ya utume, mfanyabiashara kutoka Zabid, Yemen, alidhulumiwa bidhaa zake mjini Makka. Baadhi ya koo za Kikureshi zikakutana nyumbani kwa Abdallah bin Jud'an, zikaapa kusimama na kila aliyedhulumiwa mpaka haki yake irudi. Mtume (s.a.w.) alihudhuria akiwa kijana. Miaka mingi baadaye, akiwa Mtume, alisema kwamba lau angeitwa kwenye mapatano kama yale katika Uislamu angeitikia. Waliokula kiapo kile walikuwa washirikina. Wema haukukataliwa kwa sababu ya mlango ulioingilia.

Sasa nifike kwenye kiini cha maneno yangu. Kinachonigusa katika asilimia moja ya Mata si ukubwa wake. Ni kwamba imejulikana mapema. Mshahara haujaingia, na sehemu ya watu wengine imeshatengwa. Haingoji ajisikie huruma, haingoji aone picha ya mtoto analia, haingoji salio liwe zuri. Na neno la jambo hili sisi tunalo. Surat al-Ma'arij inawasifu watu ambao katika mali zao kuna haki maalumu kwa mwombaji na asiyekuwa na kitu. Zingatia maneno hayo mawili. Haki, maana yake si hisani yako. Maalumu, maana yake inajulikana, ina kiwango.

Kinyume chake ni Karuni. Alipoambiwa awatendee watu wema kama Allah alivyomtendea yeye, alijibu kwamba mali ile aliipata kwa elimu aliyonayo. Angalia jinsi jibu hilo lilivyo rahisi kwa mwanasoka. Mguu ni wangu, mazoezi ni yangu, kona ya Munich niliipiga mimi. Nani mwenye haki hapo? Lakini maisha ya Mata yanaonyesha udhaifu wa jibu hilo. Mguu ule ule uliomfanya mchezaji bora misimu miwili ndio uliokalishwa benchi msimu wa tatu, wala haukuwa umevunjika. Kocha alibadilika tu. Baba yake aliujua mpira kabla yake, nchi yake ilikuwa na viwanja na walimu, televisheni za dunia zilikuwa tayari kulipa. Ondoa kimojawapo, kipaji kibaki kilekile, na mshahara haupo. Basi kiasi gani cha mshahara ule ni "elimu aliyonayo"?

Na sisi je? Jibu la Karuni letu ni cheti. Nilisoma mimi, nilikesha mimi. Mama aliyeuza ndizi ili ada ipatikane hatumtaji, mpaka siku ya mahafali.

Hapa sina budi kujishtaki. Muhula uliopita ndugu yetu mmoja alifika wiki ya mitihani akiwa na deni la ada la shilingi 350,000. Ujumbe ukatumwa kwenye kundi letu la WhatsApp, lenye watu zaidi ya 200. Majibu yalikuwa mazuri sana: amin, amin, insha Allah nikipata nitatoa. Nami niliandika "Allah amfanyie wepesi," nikaongeza alama ya mikono ya dua. Jioni ile nilikwenda kibandani. Nililipa kiingilio, nikanunua soda. Ndugu yule alikosa mitihani miwili, na sasa anaingoja tena mwaka mzima.

Baadaye nilipiga hesabu. Tuseme kila mmoja wetu anapata shilingi 200,000 kwa mwezi. Asilimia moja ni 2,000. Watu 200 wangetoa 400,000, deni lingeisha na chenji ingebaki. Elfu mbili haifiki hata kiingilio na soda yangu ya jioni ile. Hakukosekana mwenye uwezo kundini. Kulikosekana pesa iliyokuwa imeshatengwa kabla ya shida kubisha hodi.

Tunasema "nikipata nitatoa" tukidhani ni nia njema. Surat at-Tawba, aya ya 75 mpaka 77, inatueleza habari za watu waliomwahidi Allah kwamba akiwapa katika fadhila zake watatoa sadaka. Alipowapa, wakafanya ubakhili, na mwisho wake ukawa unafiki mioyoni mwao. Hawa nao walisema nikipata. Mkono uliozoea kufumba juu ya elfu mbili hautafunguka juu ya milioni mbili. Utafumba kwa nguvu zaidi, maana kilichomo kimekuwa kizito. Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri, na moyo haupewi pamoja na barua ya ajira.

Tusichanganye mambo lakini. Asilimia moja ya Mata si zaka. Yeye aliahidi kwa hiari na anaweza kuacha. Zaka ni nguzo, haina kuacha. Yake inatoka kwenye mshahara, yetu inatoka kwenye mali iliyofika nisabu na kupitiwa na mwaka, asilimia mbili na nusu. Wengi wetu wanafunzi hatujafika nisabu, iliyo thamani ya takriban gramu 85 za dhahabu, kwa hiyo zaka haijatuwajibikia. Lakini tumeugeuza msamaha huo kuwa likizo ya kutoa. Sharia imetusamehe zaka, haikutusamehe kumjali ndugu. Mtume (s.a.w.) alituhimiza tujikinge na Moto hata kwa kipande cha tende, na kipande cha tende hakina nisabu.

Siku moja, insha Allah, tutafika nisabu. Tutakuwa madaktari, wahandisi, walimu, wafanyabiashara. Je, siku hiyo mbili na nusu itatoka kwa mtu ambaye hakuwahi kutoa moja?

Kwa hiyo nimeanza. Pesa za matumizi zikiingia kwenye simu, kabla ya chakula na kabla ya bando, ninaondoa asilimia moja na kuiweka kwa mweka hazina wa jumuiya yetu. Ni elfu mbili, naona haya hata kuitaja. Naitaja kwa sababu ile ile iliyomfanya Mata atangaze: ninawatafuta kumi wa kukamilisha kikosi. Ukipenda siri, na iwe siri, mweka hazina hatauliza jina. Na Jumamosi tutakutana kibandani kama kawaida. Kiingilio nitalipa. Soda, kwa sasa, nimeiacha.

Wabillahi tawfiq.