Namba Inayosamehe

Mchezo wa vishale nilijifunza nikiwa kijana, muda mfupi baada ya kutoka Chuo cha Ualimu Marangu, katika klabu moja ya mjini Moshi ambako watumishi na wafanyabiashara walikutana jioni. Wengine walifuata bia. Mimi, mwalimu wa hisabati, nilifuata hesabu, ingawa sitasema kwamba bia sikuionja.

Msomaji asiyeujua mchezo huu aniwie radhi nimweleze kidogo. Kila mchezaji huanza na 501, naye hupunguza anachopata kwa vishale vitatu vya kila zamu mpaka afike sifuri kamili. Kishale cha mwisho kwa kawaida sharti kiingie katika pete nyembamba iliyo pembezoni mwa ubao, ambayo huzidisha namba mara mbili. Wachezaji huiita dabo. Ukipitiliza, au ukibakiwa na 1, zamu yako yote imefutika. Kwa hiyo mtu anaweza kutangulia mchezo mzima akashindwa mlangoni.

Hapo ndipo penye fikira. Aliyebakiwa na 32 anatafuta dabo ya 16. Akikosa kidogo kwa ndani anapata 16 tupu, zinabaki 16, basi anatafuta dabo ya 8. Akikosa tena vivyo hivyo, dabo ya 4. Kisha ya 2. Kisha ya 1. Lakini aliyebakiwa na 38, akikosa dabo ya 19 kwa ndani, ana 19 mkononi, namba witiri, na lazima atumie kishale kingine kuirekebisha. Mzee aliyenifundisha aliiita 32 namba inayosamehe. Alitaka niifikirie mapema: mwenye 48 apige 16, abakiwe na 32; na kishale kikiteleza kikaingia 8, ambayo ni jirani yake ubaoni, bado amebakiwa na 40, ambayo nayo si haba.

Nilivutiwa mno na jambo hili, hata nikalifanya kanuni ya maisha yangu. Je, ni busara au ni woga mtu kupanga mambo yake akijua kwamba huenda atakosa? Nilijibu kuwa ni busara. Huku mlimani mkulima huchanganya kahawa na migomba katika kihamba kimoja. Bei ya kahawa ikianguka, ndizi zipo. Asemaye kuwa huo ni woga hajawahi kulisha watoto. Mpaka leo sijabadili neno hilo.

Lakini nilikuwa mkuu wa shule ya sekondari, na kanuni yangu haikubaki kwangu. Miaka ya 1990 nilikuwa na mwanafunzi wa kidato cha nne, binti mtulivu, aliyetaka kuchagua tahasusi ya PCM, yaani fizikia, kemia na hisabati. Alitaka kuwa mhandisi. Nilimwita ofisini nikamwonyesha kwa kalamu jinsi CBG, yaani kemia, baiolojia na jiografia, ilivyo na milango mingi: akikosa huu, upo ule. Alinisikiliza, akasema, “Sawa, Mwalimu,” akaandika nilivyotaka. Alifaulu vizuri. Akawa afisa kilimo, na nasikia ni mzuri katika kazi yake.

Miaka kadhaa baada ya kustaafu nilikutana naye sokoni Moshi. Alinipa shikamoo, akanibebea mfuko mpaka kituoni. Tulipokuwa tukingoja gari nikamkumbusha, kwa kujisifu kidogo, ushauri wangu wa siku ile. Akatabasamu. “Mwalimu,” akasema, “uliniandalia pa kuangukia kabla hujaniona nikipanda.” Hakuwa na hasira. Kisha akauliza habari za mama nyumbani.

Njia nzima ya kupanda mlima nilifanya hesabu. Mwaka uleule wavulana wawili waliokuwa na alama za chini kuliko zake walikuja na PCM yao, nami niliwapa mkono nikawatakia heri. Sikuwaonyesha milango yoyote. Kwa nini? Nimejaribu majibu mengi, na yote yanaishia mahali pamoja: kwao niliona mkono, kwake niliona binti. Yule mzee wa klabuni aliniambia nichague 32 baada ya kunitazama jioni nyingi nikirusha, akajua kishale changu huangukia wapi. Mimi sikuwahi kuutazama mkono wa yule mtoto.

Kwetu Uchagani aliyekosa huchuma jani la isale akampelekea aliyemkosea, na ni aibu kubwa mtu kulikataa. Isale lipo mpakani mwa kihamba changu. Nimesimama mbele yake zaidi ya mara moja, na sikulichuma. Ningempelekea, angelipokea, hilo hasa ndilo lililonizuia. Hata radhi nilitaka kuiomba mahali ambapo nisingeweza kukosa.

Siku hizi macho yamepungua, sirushi tena; wananipa chaki niandike hesabu. Juzi kijana mmoja alibakiwa na 38 na vishale viwili. Kwa kanuni yangu angepiga 6, kisha atafute dabo ya 16. Akanigeukia, “Mzee, unasemaje?” Jibu lilikuwa mdomoni. Nikamuuliza mkono wake unapenda wapi. Akasema 19, tangu zamani. Nikamwambia basi.

Kishale cha kwanza kiliingia ndani ya waya: 19 tupu. Wenzake wakacheka, naye akacheka. Cha pili akakielekeza 3, iliyo ubavuni mwa 19, akaipata. Nikafuta, nikaandika 16, nikamwita mpinzani wake.